Sura ya Tatu: Punje ya Kwanza

Kaskazini mwa Malindi, kutoka Gongoni kuelekea Ngomeni, majaruba ya chumvi yametandazwa kwenye nchi tambarare hadi macho yachoke. Maji ya bahari huingizwa kwenye bwawa la kwanza, yakakaa, yakahamishiwa la pili, kisha la tatu, na kila yanapohama huwa yamepungua na kukolea. Kaskazi inapovuma na jua la Januari kuchoma, maji ya majaruba ya mwisho hupata wekundu wa waridi, rangi ya vijidudu na mwani unaopenda chumvi kali. Anayechuchumaa ukingoni mapema, kabla upepo haujauvuruga uso wa maji, huviona vipande vidogo vya pembe nne vikielea. Vinaelea ingawa chumvi ni nzito kuliko maji hayo, kwa sababu utando wa juu wa maji unavibeba. Kila kipande hudidimia kidogo kwa uzito wake huku kingo zake zikibaki usoni, na chumvi mpya hujishika kwenye kingo hizo. Kikididimia tena, ukingo mwingine hujengeka juu ya ule wa kwanza. Baada ya saa chache kimekuwa piramidi tupu iliyopinduliwa, yenye ngazi pande zote nne. Upepo ukianza kuvuma piramidi hiyo hujaa maji na kutua chini, na nyingine huanza mahali pake.

Hakuna aliyeichonga. Hiyo ni fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake ndogo kabisa zimejipanga kwa safu na mistari isiyobadilika, na nyuso zake bapa ni matokeo ya mpangilio huo wa ndani. Mwaka 1913 kijana mzaliwa wa Australia, William Lawrence Bragg, alitumia miale ya eksirei kuonyesha jinsi chumvi ya kawaida ilivyopangwa: sodiamu, klorini, sodiamu, klorini, kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Kwenye ukingo mmoja wa punje yenye milimita 1 zimesimama atomi karibu milioni 3.5 zikipokezana hivyo. Miaka miwili baadaye yeye na baba yake walipewa Tuzo ya Nobel. Kijana alikuwa na umri wa miaka 25.

Majaruba yanafanya kazi nyingine ambayo mpita njia haioni. Katika lita 100 za maji ya bahari mna takriban kilo 3.5 za chumvi za kila aina, na si zote zinazofaa mezani. Maji yakipungua hadi karibu nusu, chokaa ndiyo hutangulia kujitenga. Yakibaki kama lita 20, hufuata jasi. Chumvi ya kula haiondoki mpaka yabaki kama lita 10. Yakiendelea kukauka, chumvi za magineziamu nazo hutaka kutoka, na hizo ni chungu, tena hunyonya unyevu hewani. Kwa hiyo mabwawa ya mwanzo huachwa yabaki na chokaa na jasi yake, chumvi huvunwa kwenye majaruba ya mwisho, na maji machungu yanayosalia humwagwa. Mwenye tamaa ya kusubiri tone la mwisho huishia na gunia lenye uchungu na linalolowana lenyewe. Utaratibu huo ni usafishaji usiotumia chujio wala dawa: fuwele ya chumvi inapojijenga haina nafasi ya magineziamu katika safu zake, basi huiacha nje.

Hadi hapo mambo yanaonekana mepesi. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba maji yakishashiba chumvi, ile inayozidi hujitenga. Ni kweli, ila maelezo hayo yanaruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo inayowasumbua wapishi, wahandisi na madaktari wanaokutana katika sura hii. Kukua kwa fuwele ni kazi rahisi. Kuanza ndiko kugumu.

Ndani ya maji yaliyoshiba, chembe za chumvi hukutana na kuachana kila nukta. Kumi zikishikana kwa bahati, karibu zote ziko upande wa nje wa kikundi hicho, zimeshikwa upande mmoja tu na maji yanazivuta upande wa pili. Kikundi huvunjika kabla hakijapata nguvu. Ni lazima chembe nyingi, makumi au hata mamia, zishikane kwa pamoja ndipo zile za ndani zizizidi nguvu zile za nje, na kuanzia hapo kila inayojiunga inakuwa na faida ya kubaki. Ni kama ngoma ambayo kila mtu anatamani kuicheza lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia uwanjani. Maji yanaweza kukaa hivyo, yamebeba chumvi au sukari kupita kiasi, kwa saa, siku au miezi. Kinachovunja ukimya huo mara nyingi ni kitu cha nje: vumbi, kijiti, mkwaruzo ukutani, au punje ya fuwele iliyokwisha kuwa tayari. Juu ya kitu hicho chembe hupata pa kusimamia bila kulipa gharama yote ya kuanza. Mkemia aliyechoka kusubiri hukwaruza ndani ya bilauri kwa fimbo ya kioo, na si ushirikina.

Barafu nayo ni fuwele, na kwake ugumu huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Daniel Fahrenheit, yule wa kipimajoto, aliandika mwaka 1724 kuhusu maji aliyoyapoza kupita kiwango cha kuganda yakabaki maji, kisha yakaganda ghafla yalipotikiswa. Matone madogo sana ya maji safi, yasiyo na vumbi wala kitu cha kuegemea, huweza kushushwa hadi kama nyuzi 38 chini ya sifuri kabla hayajaganda. Nyuzi sifuri tunazofundishwa shuleni ni mahali ambapo barafu huyeyuka. Kuganda huanza pale bahati inapokubali.

Hapo ndipo jina la Mtanzania mmoja linapoingia katika fizikia ya dunia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, ambako wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friza, aliweka mchanganyiko wake ungali moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa baridi. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka. Osborne aliahidi kulijaribu, akatimiza, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Ubishi haujaisha. Mwaka 1995 David Auerbach alipendekeza kwamba jibu liko katika mwanzo wa fuwele: maji ya vyombo viwili yakipozwa, ya kimoja yanaweza kuanza kuganda yakiwa yameshuka kidogo tu chini ya sifuri na ya kingine yakashuka sana kabla barafu ya kwanza haijajitunga, basi mshindi haamuliwi na joto la kuanzia peke yake. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa uangalifu nchini Uingereza na hawakuona maji ya moto yakipoa haraka kuliko ya baridi, isipokuwa pale kipimajoto kilipowekwa mahali tofauti. Ila walipima kupoa, si kuganda kote, na hiyo ni tofauti yenye uzito. Alichouliza Mpemba kilihusu aiskrimu iliyokwisha kushika. Kwa kulazimisha swali lake lisikilizwe, kijana yule alifanya kazi kubwa kuliko wengi waliolijibu.

Kwamba barafu huhitaji kitu cha kuianzisha, Kericho wanalijua kwa maumivu. Milima ile ya chai magharibi mwa Kenya, karibu kabisa na ikweta, imo katika vitabu vya rekodi za hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu popote duniani, zaidi ya siku 100 kwa mwaka katika eneo lake kwa ujumla. Mawe yenyewe kwa kawaida ni madogo. Lakini majani machanga ya chai, yale mawili na chipukizi ambayo mchumaji anayatafuta, hayahitaji jiwe kubwa ili yachanike, na kila dhoruba hula sehemu ya mavuno.

Urefu wa milima na dhoruba za alasiri zinazotoka upande wa Ziwa Victoria vinaeleza mengi, ila havielezi yote, kwa sababu wingu lenye maji mengi bado linahitaji kitu cha kuanzishia barafu. Mtafiti Russell Schnell alitazama chini. Katikati ya michai mna tandiko nene la majani yaliyopukutika na kuoza, na wachumaji wanapopita kati ya mistari kutwa nzima, miguu yao hulitimua likawa vumbi jepesi linalopanda na hewa ya moto ya mchana. Schnell alilichukua tandiko hilo maabara, na mwaka 1982 akaripoti na mwenzake kwamba linagandisha maji yaliyo chini ya sifuri kwa nyuzi chache tu, wakati vumbi la kawaida la udongo linahitaji baridi kali zaidi. Huko nyuma yeye na wenzake walikwisha kugundua kuwa majani yanayooza yana bakteria wenye uwezo huo. Anayejulikana zaidi, Pseudomonas syringae, ana protini juu ya mwili wake inayozipanga molekuli za maji kwa umbo linalofanana na la barafu, na maji hudanganyika. Wenye viwanja vya kuteleza kwenye theluji ughaibuni hununua bakteria hao wakiwa wamekaushwa, ili mashine zao zitengeneze theluji hata pale baridi isipotosha.

Kama Schnell yuko sahihi, basi chai ya Kericho inajiletea sehemu ya mawe yanayoipiga. Ni vigumu kuthibitisha neno kama hilo katika wingu lenye kilomita kumi kwenda juu, na ushahidi wa maabara hauwi ushahidi wa angani moja kwa moja. Lakini wenye mashamba walikuwa hawasubiri wanasayansi wakubaliane. Katika miaka ya 1960 walirusha roketi za baruti mawinguni, na matokeo yake yalichunguzwa na mtafiti H. W. Sansom. Baadaye ikajaribiwa njia ya pili: kutawanya iodidi ya fedha, kemikali ambayo fuwele zake zinakaribiana kwa umbo na za barafu. Sababu ya kuongeza mbegu za barafu katika wingu linaloogopwa kwa barafu yake ni hii: maji yaliyomo yana kikomo. Mbegu zikiwa chache, kila moja hukusanya fungu kubwa na kuwa jiwe. Zikiwa nyingi, hugawana, mawe yakawa madogo na kuyeyuka kabla ya kufika chini.

Idadi ya mbegu huamua ukubwa wa punje. Kanuni hiyo haiko mawinguni tu. Kila kiwanda cha sukari kinaishi nayo, Kilombero, Mtibwa, Chemelil au Kakira.

Lita 1 ya maji ya kawaida hubeba kilo 2 za sukari. Ikichemka hubeba karibu kilo 5. Juisi ya muwa ikishasafishwa na kukaushwa mpaka ikawa shira, huingizwa kwenye chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa, ambamo hewa imenyonywa ili shira ichemke kwa joto la chini, kama nyuzi 65, isiungue. Mwendeshaji wa chungu hicho husimama mbele ya kidirisha cha kioo na vipimo vyake. Anachokitafuta ni ukanda mwembamba. Shira ikiwa nyepesi mno, fuwele alizo nazo zitayeyuka na kupotea. Ikiwa nzito mno, fuwele mpya zitazuka zenyewe kila mahali, mamilioni yasiyohesabika, na zote zitadumaa. Katikati ya hapo shira ina sukari ya kutosha kulisha fuwele zilizopo lakini haina ujasiri wa kuanzisha mpya, na ndani ya ukanda huo ndipo huingizwa mbegu: sukari iliyosagwa ndani ya spiriti mpaka ikawa laini kuliko unga wowote wa jikoni, lita chache kwa chungu kizima cha tani nyingi. Kuanzia hapo kazi ni kulisha. Mwendeshaji huongeza shira polepole kwa kadiri maji yanavyokauka, na kila baada ya muda huchota sampuli, akaipaka kwenye kipande cha kioo na kuiinua kwenye mwanga. Punje zikiwa sawa, nyuso zao hung'aa kwa pamoja. Akiona ukungu wa vumbi kati ya punje, anajua ameuvuka ukanda, na hapo huongeza maji ili yayeyushe zile ndogo kabla hazijakua. Asipofanya hivyo, vumbi hilo litaziba matundu ya mashine inayozungushwa kwa kasi kutenganisha sukari na molasi, na zamu nzima itaharibika.

Watengenezaji wa sukari guru hawana haja na adabu hiyo. Juisi huchemshwa wazi kwenye karai, hukorogwa na kumiminwa kwenye vibao, na mkorogo wenyewe huzusha fuwele nyingi mno kwa mara moja. Zote hubaki ndogo zikiwa zimeganda pamoja na molasi yake, na ndiyo maana bonge la sukari guru ni laini, la kahawia, na lina ladha ambayo sukari nyeupe ilishaipoteza.

Jikoni za Mombasa, Unguja na Tanga nako kuna ujuzi huo, bila maabara. Visheti hutiwa kwenye shira iliyochemka hadi ikawa nzito, kisha hukorogwa bila kusimama mpaka sukari ishike juu yake nyeupe na kavu. Mwiko ndio mbegu. Kaimati zinataka kinyume chake, shira inayoteleza na kung'aa, na hapo mpishi hukamua ndimu. Asidi ya ndimu pamoja na moto huivunja sukari ya miwa ikawa glukosi na fruktosi, sukari mbili zisizofanana na ile ya awali, na fuwele inayotaka kujipanga hukutana na wageni wasioingia kwenye safu. Bibi aliyesisitiza ndimu alikuwa akizuia fuwele, hata kama yeye alisema tu kwamba shira isiyo na ndimu inafanya mchanga.

Asali imezaliwa na mchanganyiko huo huo wa glukosi na fruktosi. Glukosi ndiyo yenye haraka ya kutoka, na asali yenye glukosi nyingi hushika ndani ya wiki chache, hasa mahali pa baridi. Nyuzi 14 ndilo joto linaloipendeza zaidi. Kwa hiyo asali ile ile inayobaki maji maji Dar es Salaam inaweza kuganda Arusha au Limuru. Wanunuzi wengi wakiona punje chini ya chupa huamua kwamba muuzaji ameongeza sukari, na wauzaji wenye haya huichemsha mpaka harufu yake inakufa. Ni dhuluma kwa nyuki. Asali ya kweli huganda, na ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu hurudi ilivyokuwa. Mwalimu wa ufugaji nyuki aliyeitwa Elton Dyce aliamua kutopambana na kuganda huko: katika njia aliyoipatia hataza mwaka 1935, asali hupashwa moto ili fuwele zote zife, ikapozwa, ikachanganywa na kiasi cha asali yenye fuwele laini sana, kisha ikaachwa kwenye nyuzi 14. Inatoka nzito na laini, ya kupaka kwenye mkate, na huuzwa kwa bei nzuri.

Upande wa pili wa kanuni ya mbegu, pale zinapokuwa chache, uko chini ya ardhi. Mwaka 2000 wachimbaji wa mgodi wa Naica, Mexico, walifungua pango lililo karibu mita 300 chini na kukuta fuwele za jasi ndefu hadi mita 11 na zaidi, nene kuliko mbuyu mchanga. Maji yaliyojaa humo yalikaa kwa mamia ya maelfu ya miaka kwenye joto la karibu nyuzi 58, yameshiba jasi kwa kuzidi kidogo sana, kiasi ambacho mbegu mpya karibu haikuweza kuzaliwa. Zile chache zilizowahi zilirithi kila kitu. Tanzanaiti kubwa za Mirerani nazo zilikua ndani ya miamba iliyokandamizwa na kupikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Juni 2020 Saniniu Laizer aliuza kwa Serikali ya Tanzania mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74.

Kwa wenye viwanda vya dawa, mbegu moja isiyoalikwa imewahi kugharimu zaidi ya hapo.

Ritonavir ni dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Abbott mwaka 1996. Molekuli zake zilijulikana kujipanga kwa namna moja tu, na makundi 240 ya vidonge yalitengenezwa bila shida. Katikati ya mwaka 1998 vidonge vilianza kufeli kipimo cha kuyeyuka. Wataalamu walipochungulia walikuta fuwele za aina ya pili: molekuli ni zile zile, hazijabadilika hata atomi moja, lakini zimejipanga upya kwa mpango ulio imara zaidi. Na fuwele iliyo imara zaidi huyeyuka kidogo zaidi, maana yake mgonjwa anameza dawa ambayo damu haiipati.

Aina hiyo mpya haikuwa imewahi kuonekana kwa sababu haikuwa imewahi kuanza. Ilipoanza, haikuzuilika. Maabara iliyoigusa haikuweza tena kutengeneza aina ya kwanza, kwani chembe zisizoonekana kwa macho, kwenye vumbi la chumba au nguo za watu, zilitosha kuwa mbegu. Wataalamu waliokuwa wameishughulikia walikwenda kwenye kiwanda cha Italia kilichokuwa bado salama, na baada ya ziara yao aina ya pili ikazuka huko pia. Vidonge viliondolewa sokoni. Wagonjwa wakarudishwa kwenye dawa ya maji yenye ladha mbaya sana, na mwaka 1999 kikaja kidonge laini kilichotakiwa kukaa kwenye jokofu. Sharti hilo halina maana kubwa Chicago. Kijijini Bukoba au Siaya, wakati huo, lilikuwa sawa na kusema dawa haipo.

Suluhisho lilipopatikana lilikuwa kuizuia fuwele isiwepo kabisa. Ritonavir na mwenzake lopinavir huyeyushwa pamoja na plastiki inayofaa kuliwa, mchanganyiko ukapozwa haraka, na molekuli zikabaki zimenaswa bila mpangilio, kila moja mbali na ndugu zake. Kidonge hicho kiliidhinishwa Marekani mwaka 2005, hakihitaji jokofu, na ndicho kilichoingia kliniki za Afrika Mashariki kwa wagonjwa ambao dawa za mstari wa kwanza zilikuwa zimeshindwa.

Kuna fuwele nyingine ambayo Mwafrika Mashariki ameibeba mwilini bila kuiona. Kijidudu cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu hula hemoglobini, na katika kuila hubakiwa na hemu, sehemu yenye chuma, ambayo ni sumu kwake. Hakina pa kuitupa. Basi huipanga: ndani ya kifuko chake cha kumeng'enyea chakula, hemu hugeuzwa fuwele ndogo za rangi ya hudhurungi, na zikishakuwa fuwele hazidhuru tena. Rangi hiyo ndiyo iliyomvutia daktari Alphonse Laveran alipochungulia damu ya askari mgonjwa huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, akaona kitu chenye madoa kikisogea. Rangi hiyo hiyo, ndani ya ukuta wa tumbo la mbu, ndiyo iliyomthibitishia daktari Ronald Ross huko Secunderabad, tarehe 20 Agosti 1897, kwamba alikuwa ameshika njia ya kweli. Mtaalamu wa maabara katika zahanati yoyote leo akiiona kwenye slaidi huitambua mara moja.

Klorokwini, iliyotengenezwa Ujerumani na Hans Andersag mwaka 1934, inapiga pale pale. Huingia kwenye kifuko kile, hujishika na hemu na kwenye nyuso za fuwele zinazokua, na upangaji husimama. Kijidudu hufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Kwa miongo kadhaa vidonge hivyo vichungu, vilivyowafanya watu wengi wa ukanda huu kujikuna mwili mzima usiku kucha, vilikuwa jibu la kwanza la homa kila nyumba. Ushahidi wa usugu ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Vijidudu sugu havikuwa vimebadilisha fuwele yao hata kidogo. Vilibadilisha mlango, protini iliyo kwenye utando wa kifuko, ambayo sasa iliitoa klorokwini nje kabla haijakusanyika. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001.

Malawi ilikuwa imetangulia, mwaka 1993. Huko, dawa ilipokoma kutumika, vijidudu vyenye mlango ule vilipoteza faida yao na kuzidiwa na vya zamani. Watafiti walipoijaribu tena klorokwini Blantyre, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ilifanya kazi kwa asilimia 99. Hata hivyo haikurudishwa kuwa tiba ya peke yake. Dawa ya mseto ndiyo inayotolewa, na lumefantrini iliyomo ndani yake inaaminika kuizuia hemu hiyo hiyo isijipange, ila yenyewe haitolewi kirahisi na mlango ule uliokuwa ukiifukuza klorokwini.